Bibi anakwenda Bologna kulea mjukuu: aanze na Kiitaliano kipi?

Swali: "Mwanangu wa kike ameolewa na anaishi Bologna, Italia. Mtoto wao wa kike ana miezi sita, na sasa likizo ya uzazi ya mwanangu imekwisha. Nimepata viza, na baada ya wiki tano nakwenda kukaa nao miezi miwili. Mchana kutwa nitabaki na mjukuu peke yangu. Nina miaka 52, naishi Tanga, Kiingereza changu ni cha kuombea maji na Kiitaliano sijui kabisa. Mpwa wangu anayefanya kazi hotelini Kiwengwa, Zanzibar, ananifundisha 'ciao, come stai', na nimepakua programu ya simu inayonikaririsha 'mvulana anakula tufaha'. Mimi ni Mwislamu, nachelea pia kula nguruwe bila kujua. Nianze na maneno gani? Na mtu wa umri wangu ataweza kweli?"

Jibu:

Shikamoo mama, na hongera kwa kuitwa bibi. Niruhusu nianze na swali lako la mwisho. Utaweza. Watu wazima niliowafundisha Kiitaliano hapa pwani hawakushindwa kwa sababu ya umri. Walioshindwa ni wale waliokariri sentensi mia mbili za kijitabu cha watalii, wakafika huko wakauliza swali zuri kwa matamshi mazuri, kisha wakajibiwa. Jibu likawapita kama upepo. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kusikiliza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: weka kando orodha ndefu. Kaa na mwanao kwenye simu, mtaje sehemu ambazo utafika peke yako bila yeye. Nadhani zitakuwa tano au sita hivi: duka la mikate, soko au supamaketi, basi, duka la dawa, na ngazi za jengo mnamoishi, ambako utakutana na majirani. Kwa kila sehemu jifunze maneno yako machache, halafu jifunze kwa bidii zaidi maneno watakayokurudishia. Bahati ni kwamba mwuzaji mkate husema yale yale kwa kila mteja, kutwa nzima.

Tuingie huko dukani. Unafungua mlango, unasalimu kwanza: "Buongiorno." Hili halitakupa tabu, maana hata kwetu huwezi kumfikia mtu ukaanza kuomba kitu bila salamu. Atakujibu: "Buongiorno, signora, mi dica," yaani nambie, nikupe nini. Wewe: "Vorrei mezzo chilo di pane, per favore." Ningependa nusu kilo ya mkate, tafadhali. Atafunga mkate, na bila kuinua macho atauliza: "Altro?" Neno moja tu, kingine? Hapo ndipo wageni wengi huganda. Jibu lako ni "Basta così, grazie," inatosha hivyo, ahsante. Atataja bei: "Tre e venti." Hatasema euro wala senti, hiyo ni euro tatu na senti ishirini. Kisha huenda akauliza "Contanti o carta?", taslimu au kadi, na "Sacchetto?", unataka mfuko? Kwenye supamaketi ataongeza "Ha la tessera?", akiulizia kadi ya wateja wa kudumu, na wewe utasema "No." Ukitoka: "Arrivederci." Mazungumzo yote hayo hayafiki dakika moja. Ukiyajua haya, umeshalijua pia duka la matunda, la jibini na la nyama.

Kitu kimoja cha huko ambacho vijitabu havisemi: jibini na nyama za kukatwa hupimwa kwa "etto", gramu mia moja. Watu wanaagiza "un etto", "due etti". Ukisema gramu mia mbili wataelewa, lakini wao watakuuliza kwa etto, basi sikio lako lilijue neno hilo. Kwenye kaunta yenye watu wengi tafuta kimashine cha kutoa namba. Ukichukua kikaratasi chako, mwuzaji ataita namba. Pasipo kimashine atauliza "A chi tocca?", ni zamu ya nani? Inua mkono kidogo, sema "A me." Na sokoni usiyabonyeze matunda ya mwuzaji kama tunavyofanya Ngamiani. Mwoneshe kwa kidole, useme "Quelli, per favore," au uombe ruhusa kwanza: "Posso?" Supamaketi utakuta glavu za plastiki za kuvaa kabla ya kushika matunda. Zivae, maana watakukodolea macho usipozivaa.

Sasa nguruwe. Hofu yako ina msingi, tena Bologna kuliko miji mingi, kwa sababu mji ule ndio kwao mortadella, na mortadella ni nguruwe. Tortellini, zile tambi ndogo zilizokunjwa kama pete, hutiwa ndani nyama ya nguruwe, prosciutto na mortadella pamoja na jibini; mapishi yake yaliwekwa rasmi kwenye chemba ya biashara ya mji huo mwaka 1974. Rojo ya nyama wanayoiita ragù, hata ikiwa ya ng'ombe, desturi yake hutiwa pancetta, ambayo nayo ni nguruwe. Na kuna jambo la kujificha zaidi: "strutto", mafuta ya nguruwe. Mikate ya mkoa ule, ile piadina bapa inayofanana na chapati na zile crescentine za kukaanga, kwa asili hutengenezwa kwa strutto. Utaona mkate mkavu usio na nyama hata punje, ukadhani uko salama.

Sentensi zako ni hizi: "Sono musulmana, non mangio maiale." Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe. Halafu uliza: "C'è maiale? C'è strutto?" Na kama ni chakula cha sosi: "C'è vino?" Tega sikio kwenye jibu. "No" na "niente" ni salama. Ukisikia "un po'" au "solo un po'", maana yake kimo, ila kidogo, na anayekujibu anaweza kudhani kidogo hakikudhuru. Kwenye pakiti za supamaketi fundisha macho yako kuyatambua maneno maiale, suino, prosciutto, pancetta, salsiccia, speck na strutto. Bresaola kwa kawaida ni ng'ombe, pollo ni kuku, manzo ni ng'ombe, tacchino ni bata mzinga. Kuwa imechinjwa kihalali ni jambo jingine. Mwulize mwanao bucha la Waislamu liko mtaa gani, Bologna yapo.

Tuje kwenye matamshi, maana hapa Mswahili amependelewa. Irabu za Kiitaliano ni a, e, i, o, u kama zetu, na karibu kila neno linaishia na irabu. Mwingereza huhangaika miezi kutamka "pomodoro". Wewe utaisoma jinsi ilivyoandikwa. Tabu yako itakuwa kusoma herufi chache kwa mazoea ya Kiswahili. Kubwa kuliko zote ni "ch". Sisi tunaisoma kama kwenye chai. Wao wanaisoma k. Kwa hiyo "chilo" ni kilo tu, na "anche" ni anke. Kinyume chake, c peke yake ikitangulia e au i ndiyo inayotoa sauti ya chai: "cento" ni chento, "c'è" ni che. Vivyo hivyo "gh" ya spaghetti ni g ya kawaida, si ile ya ghali, na g mbele ya e au i ni j, ndiyo maana "gelato" ni jelato. "Gn" ni ny, na mji unaoendea ni Bolonya. "Sc" mbele ya e au i ni sh: "prosciutto" ni proshutto. "Figlia", binti, isome filya, ulimi ukilalia kaakaa. Herufi h peke yake haitamkwi: "ha" ni a.

La pili ni konsonanti mbilimbili. Hapa usikubali kuambiwa ni jambo dogo. "Sete" ni kiu, "sette" ni saba. "Casa" ni nyumba, "cassa" ni mahali pa kulipia. "Nono" ni wa tisa, "nonno" ni babu, na wewe mwenyewe utakuwa "nonna". Kwa bahati kinywa chako kinaijua sauti hii: sema nne, halafu sema mmoja. Sikia jinsi n na m zinavyokaa kidogo kabla ya kuachiwa. Hivyo ndivyo "non-na", "an-no", "mam-ma". Kwa t, s, k na nyingine fanya vivyo hivyo: funga, subiri kidogo, achia. Set-te. Akk-wa, maji.

La tatu ni mkazo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiitaliano mara nyingi hufanya hivyo hivyo. Penye mkazo wa mwisho wanaandika alama, kama caffè na città. Lakini yapo maneno ya kila siku ambayo mkazo wake umerudi nyuma zaidi na hayana alama yoyote: teLEfono, NUmero, MEdico, SUbito, ZUCchero, AUtobus, SAbato. Ukisema teleFOno watakuelewa, ila wao wakisema teLEfono haraka, huenda usilitambue. Na "farmacia" mkazo uko kwenye chi: far-ma-CHI-a.

Nimeitaja farmacia kwa makusudi, mama, kwa kuwa ndiyo sehemu nitakayokusisitizia kuliko zote. Ukiwa na mtoto wa miezi saba, siku moja atapata homa saa nne asubuhi na wazazi wako kazini. Utampigia mwanao kwanza, bila shaka, lakini huenda akakwambia shuka hapo chini kwenye duka la dawa, lile lenye msalaba wa kijani unaowaka. Utasema: "La bambina ha la febbre." Mtoto ana homa. Kisha namba ya kipimajoto: "Trentotto e due," 38.2. Mfamasia atakuuliza maswali, na karibu kila mara ni haya: "Quanti mesi ha?" ana miezi mingapi, "Sette mesi." "Da quando?" tangu lini, "Da ieri sera," tangu jana jioni, au "Da stamattina," tangu asubuhi ya leo. "Quanto pesa?" ana uzito gani? Hili la mwisho usilichukulie kwa wepesi. Dawa ya homa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, kwa hiyo kila akipimwa uzito, andika namba hiyo na ujizoeze kuitamka: "Sette chili e mezzo," saba na nusu. Halafu atakueleza namna ya kumpa: "gocce" ni matone, "sciroppo" dawa ya maji, "supposta" ya kuingiza nyuma, "ogni sei ore" kila baada ya saa sita. Kwenye maelezo ya dawa usikisie hata neno moja. Mwambie "Me lo può scrivere?", unaweza kuniandikia? Ataandika kwenye kasha, nawe utalipiga picha na kumtumia mwanao.

Maneno mengine ya mtoto ni mepesi: tosse, kikohozi, vomito, kutapika, diarrea, kuharisha, pannolini, nepi, ciuccio, nyonyo ya kutuliza, passeggino, kigari. Hata hivyo kuna sentensi ninazotaka uzijue hata ukiamshwa usingizini. Namba ya dharura ni 112, inapatikana kila mahali Italia bila malipo, na 118 ndiyo iliyozoeleka kwa gari la wagonjwa. Utasema "Aiuto, ambulanza. La bambina non respira bene." Mtoto hapumui vizuri. Halafu anwani: jina la mtaa likianza na "Via", namba ya nyumba, ghorofa ("primo piano", "secondo piano"), na jina lililoandikwa kwenye kengele ya mlango wa chini. Wanaweza kukuuliza mambo mengine usiyaelewe. Rudia anwani, polepole, mara tatu. Gari lisipojua anwani, mengine hayana faida.

Namba, basi. Moja hadi mia, na uzijue kwa sikio, si kwa kuzihesabu mfululizo kama wimbo. Mtu akutajie namba moja moja kwa kuruka: ventisette, quarantuno, novanta. Zinazochanganya sana ni sessanta na settanta, sitini na sabini, hivyo zipe siku nzima. Na saa! Hapa Waswahili wengi hupotea wakidhani wameelewa. "Sette" ni saba, lakini "alle sette" si saa saba. Ni saa moja. "Alle nove" ni saa tatu. Daktari wa mtoto akikupangia "alle quindici e trenta", hiyo ni 15:30, saa tisa na nusu alasiri. Usijaribu kutafsiri kichwani mbele ya mtu. Andika kwa tarakimu kama walivyosema, ubadilishe ukiwa umetulia.

Kwenye basi maneno ni machache. Tiketi ya karatasi huuzwa "tabaccheria", duka lenye herufi T kubwa mlangoni: "Un biglietto dell'autobus, per favore." Ukipanda, igonge kwenye mashine, maana tiketi isiyogongwa ni faini. Basi likijaa mtu nyuma yako atasema "Scende?", tamka shende, unashuka? Jibu "Sì" au "No", na kama hushuki mpishe. Ukitaka kupita wewe: "Permesso."

Sasa nirudi kwa mpwa wako wa Kiwengwa. Msikilize, sikio lake ni zuri kwa kuwa amelipata kwa Waitaliano wenyewe. Lakini Kiitaliano cha ufukweni, Kiwengwa kama Malindi, ni cha mtalii aliye likizo: kila mtu ni rafiki, kila mtu ni "ciao". Huko kwao "ciao" na "come stai" ni vya watoto, ndugu na marafiki. Jirani mzee, daktari na mwuzaji usiyemjua wanaambiwa "Buongiorno" na "Come sta?", na kuomba radhi ni "Scusi", si "scusa". Wewe mwenyewe usingependa kijana wa Tanga akupite na "mambo" badala ya shikamoo. Wazee wa Bologna nao wana yao. Baada ya chakula cha mchana wengi huanza kusema "Buonasera". "Buonanotte" ni ya kuagana kwenda kulala. Na tofauti nyingine: salamu zao na watu wa kawaida ni fupi. Hawataulizia watoto, kazi na usingizi wako, na kufanya hivyo si kukudharau.

Ila wakiona kigari cha mtoto watasimama. Hapo utapata mazungumzo yako ya kwanza ya kweli. "Che bella! Quanti mesi ha?" "Sette mesi." "Come si chiama?" Utataja jina. "È la nonna?" ndiye bibi? "Sì, sono la nonna. Vengo dalla Tanzania." Watakupongeza: "Auguri!" Wanaojua Kiingereza ni vijana zaidi, wazee wa ngazini mtaelewana kwa haya haya.

Sarufi usiifukuzie ndani ya wiki tano. Mambo mawili tu, na yote unayo tayari. Sisi tunasema kitabu kizuri, nyumba nzuri, sifa ikifuata ngeli. Wao wana ngeli mbili tu, ya -o na ya -a: "buono" kwa kiume, "buona" kwa kike. Ukijisema mwenyewe tumia ya kike: "sono stanca", nimechoka. Na pale sisi tunapotanguliza ni-, u-, a- kwenye kitenzi, wao wanabadilisha mwisho: "parlo" ninasema, "parli" unasema, "parla" anasema. Basi.

Programu ya simu iendelee robo saa kwa siku kwa ajili ya namba na sikio. Mvulana na tufaha lake waruke. Mwalimu wako mkuu ni mwanao. Mwombe kila jioni akutumie sauti mbili WhatsApp kama mwuzaji au mfamasia, kwa kasi ya huko, bila neno la Kiswahili, nawe umjibu kwa sauti. Wiki mbili za kwanza dukani, ya tatu farmacia na 112, ya nne basi na majirani. Ya tano apige simu bila kukupa taarifa, aanze moja kwa moja: "Buongiorno, signora, mi dica."

Na tangu leo jizoeze haya manne: "Non ho capito." Sijaelewa. "Più piano, per favore." Polepole zaidi. "Può ripetere?" Unaweza kurudia? "Parlo poco italiano." Nasema Kiitaliano kidogo. Usitabasamu na kuitikia "sì, sì" kwa jambo usilolielewa, hasa chakula, dawa na karatasi za kutia saini.

Siku ya safari weka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa, barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi. Afisa wa mpakani akikuuliza "Motivo del viaggio?", jibu: "Visita familiare. Vado da mia figlia a Bologna. Due mesi." Pamoja navyo weka karatasi yenye namba za simu za mwanao na mkweo, anwani kamili ikiwa na ghorofa na jina la kwenye kengele, uzito wa mtoto, na mzio wa dawa kama kuna mwenye nao. Mwombe mwanao aiandike kwa herufi kubwa, kisha utoe nakala mbili: moja ikae kwenye jokofu la nyumbani kwao, ya pili kwenye kigari cha mtoto.